Mshenga wa Sikio la Kushoto

Nichekeni tu. Siku ya kupeleka posa ya mpwa wangu huko Temeke, jipu likaniota ndani ya sikio la kulia. Mimi mshenga, karani mzima wa boma, nikaliziba kwa pamba na kutegemea la kushoto, ambalo miaka yote lilikaa bure likimwachia mwenzake kazi. Sauti ya baba wa binti niliisikia vizuri, ila maneno sikuambua hata moja. Nikatabasamu: "Naam, mzee!"

Nyuso zikabadilika. Akauliza tena, nami nikajirekebisha upesi: "Hapana, hata kidogo!"

Bibi wa binti akatoka nyuma ya pazia akicheka, akaichomoa ile pamba.

"Mwanangu, kwanza tumekuuliza kama kijana ni mlevi. Halafu tukakuuliza kama anampenda mjukuu wangu."