Makaribisho ya Timu ya Pete

Mtaani walimwita Msusi, na mdogo wake aliyekuwa mwaka wa kwanza chuoni walimwita Twiga, kwa urefu wake. Mama yao alipofariki, Msusi ndiye aliyebaki kuwa mama na dada.

Jumamosi moja Twiga aliingia saluni amejitanda kitambaa. Alipokivua, upande mmoja wa kichwa ulikuwa umenyolewa ovyo, kama shamba lililoingiliwa na mbuzi. Msusi alicheka mpaka akakaa chini.

"Nani kakufanyia vituko hivi?"

"Timu ya mpira wa pete, dada. Wageni wote tunanyolewa. Ni utani tu."

Msusi akawasha mashine amsawazishe. Ilipolia tu, Twiga alishtuka, akakikumbatia kichwa chake. Kicheko kikamwisha Msusi. Akaizima.

"Mdogo wangu, ungekataa, wangekuacha?"

Twiga alitikisa kichwa. Kisha yakamtoka. Walifungiwa stoo ya mipira, wakashikwa mikono, wakanyweshwa maji ya chumvi mpaka wakatapika. Mmoja alizirai. Nahodha akawaapisha wasiseme, kwani hata yeye alifanyiwa hivyo hivyo.

"Utani wanacheka wote," Msusi alisema. "Huo ni uonevu."

"Ukisema sitacheza tena, dada. Nitatengwa."

"Basi siendi chuoni kushtaki mpaka ukubali mwenyewe."

Wiki iliyofuata, yule aliyezirai alifunga virago akarudi kwao. Twiga akapiga simu: "Dada, twende."

Mlezi wa wanafunzi, mama wa makamo, alianza kwa kusema vijana ndivyo walivyo. Twiga akavua kitambaa, akasimulia yote. Yule mama akaacha kuchezea kalamu. Siku hiyo hiyo akawaita wageni wengine, mmoja mmoja. Timu ilisimamishwa; nahodha na wenzake wawili wakarudishwa nyumbani muhula mzima.

Haikuwa raha. Bwenini walimnunia Twiga, wakamwita mchongezi, na kuna siku alilia akitaka kuhama chuo. Ila wageni wawili wa timu walianza kula naye meza moja.

Timu ilipofunguliwa, chini ya kocha mpya, Twiga alisitasita, kisha akarudi. Msusi alifunga saluni akaenda kuitazama mechi ya kwanza. Wakapigwa vibaya.

"Mmefungwa kama gunia!" Msusi alimtania.

Twiga, jasho likimtiririka, akamwambia mechi ijayo aje, ila mdomo auache saluni.