Turubai Mbele ya Nyumba ya Rafiki Yangu

Asubuhi ile niliondoka bila kujua ninakwenda wapi. Ndivyo ninavyoishi tangu nilipoacha shule: nikiona barabara nisiyojua inakoishia, miguu inaniwasha. Nilitia blanketi na suruali ya pili kwenye mfuko, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo wake, nikaanza kutembea. Nilipofika karibu na mtaa wa rafiki yangu, nikakata kona. Hilo nalo sikulipanga.

Zamani tulichimba pamoja kwenye mashimo ya madini ya Musonoi. Yeye alishuka shimoni, mimi nilishika kamba juu. Akivuta kamba, nilimpandisha. Akikaa kimya sana, nilianza kumwomba Mungu. Jioni tulikula bukari, ugali wa kwetu, kwenye sahani moja, na aliyetangulia kufika hakugusa tonge mpaka mwenzake anawe mikono. Kisha akapata kazi ya kampuni, kuendesha magari makubwa ya udongo, na tangu hapo akawa na neno moja tu: niko zamu. Akitoka zamu analala. Akiamka ni kanisa, kikao cha ukoo, kisha zamu tena. Kwa miaka tulionana misibani tu, kwa sababu kampuni inatoa ruhusa kwa ajili ya maiti. Kwa ajili ya rafiki aliye hai haitoi, na yeye hakuwahi kuiomba.

Mbele ya nyumba yake turubai lilikuwa limefungwa mpaka barabarani. Viti vya plastiki, watu wameinamisha vichwa, hakuna muziki. Nikajua amekufa. Gari limepinduka naye, nikawaza.

Kwetu anayefika msibani huanza kulia tangu barabarani, ili walio ndani wajue nani amekuja. Nililia kwa sauti yote. Nilipita katikati ya viti nikipiga kelele kwamba kamba imenikatikia mkononi, nikajitupa kwenye vumbi jekundu.

Vichwa vikainuka. Mama mmoja aliyeshika bakuli la nyama akaniinamia.

— Tata, unamulilia nani? Tulikuwa tunaombea chakula!

Rafiki yangu akatoka ndani, shati jeupe, tumbo limeanza kuchomoza, mzima kabisa. Nyuma yake binti yake, amemwagiwa poda nyeupe kichwani kama wanavyofanyiwa waliopata diploma.

— Mon vieux! Ni weye njo unalia hivi?

— Mi nilizani umekufa.

— Nikufe, na hii mbuzi atakula nani?

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

— Juu ya nini haukuniita?

— Nilitia ku statu ya simu! Batu bote baliona.

Nikatoa simu yangu ya vitufe, ile iliyofungwa kwa mpira.

— Statu iko wapi humu?

— Ah, weye naye. Kaa, ukule. Ninakuya sasa hivi.

Alikaa kweli, akatia mkono kwenye sahani yangu kama zamani. Kabla hajakata tonge, mkuu wake wa zamu akaingia. Rafiki yangu akasimama, akamfuata, hakurudi. Nilimngoja mpaka mafuta yakaganda juu ya nyama.

Nilikasirika, na ninapoandika bado ninakasirika. Watu wanasema muda hakuna. Muda upo! Nilimwona nao mkononi, anaugawa kiti kwa kiti: kwa mkuu, kwa mchungaji, kwa jirani mwenye gari. Nani alitufundisha kumweka rafiki pembeni mpaka kazi iishe? Kazi ya mgodi haiishi, shimo linapanuliwa tu. Nasi tunajidanganya kwamba tukilia vizuri siku ya msiba, basi tulipendana.

Niliondoka bila kuaga. Pikipiki ya kwanza iliyosimama ilikuwa inakwenda Nzilo. Vizuri, nikasema. Siku zote nilitaka kuona unakotoka umeme unaopita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini. Kabla jua halijazama nilikuwa nimeliona bwawa, na ukuta wake mkubwa wala haukunituliza.

Mama mmoja anayekausha samaki alikuwa na chumba nyuma ya jiko lake. Alinitazama, akatazama mfuko.

— Tata, kama kintu kinakufikia huku, tutaita nani?

Wageni wengi hufia pale bila mtu kujua kwao, kwa hiyo hatoi ufunguo bila namba. Ndugu zangu wametawanyika. Namba niliyoijua kwa kichwa ilikuwa moja. Niliitaja kwa hasira, nikasema ni ya rafiki niliyechimba naye, na mama akaipiga papo hapo, sauti ikisikika nje.

— Allô, tata? Niko Nzilo. Kuko mutu hapa, anasema mulichimba naye, alinipatia namba yako, kama kintu kinamufikia…

— Amekufa?

— Apana, tata, sikia…

Hakusikia. Alikuwa ameshaanza kulia. Nilimsikia akiomba ufunguo wa pikipiki, mtu akizima muziki. Mama akanipa simu huku akicheka.

— Mi muzima, nikasema. Natafuta chumba tu.

Alivuta pumzi.

— Mushenzi weye.

— Rudi kwa bageni yako.

— Usitoke hapo. Ninakuya.

— Na zamu?

Simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao au ni yeye.

Mama alifungua mlango, akafagia vumbi kwa mguu.

— Nitandike mikeka ngapi?

Hasira yangu ilikuwa bado haijaisha.

— Mbili, nikamwambia.