Vipimo vya Baba

Harufu ya mafuta ya cherehani ikichanganyika na ya kitambaa kipya cha marekani hunirudisha Songo, mtaa wetu wa Uvira, nikiwa msichana wa miaka tisa. Uhuru ulikuwa bado mbichi. Serikali ilifungua shule ya ushonaji kwa watu wazima katika nyumba aliyoiacha Mbelgiji, na mama yangu alikuwa wa kwanza mtaani kujiandikisha. Mwalimu wao aliagiza kila mwanafunzi awe na kaye, yaani daftari, aandike humo majina ya ndugu na majirani pamoja na vipimo vyao: kifua, tumbo, mkono.

Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Kwetu mtu mzima alipimwa kwa kamba mara moja tu, akishakufa, ili wachimba kaburi wajue urefu. Majirani wakaanza kuzunguka nyuma ya nyumba wasikutane na mama. Baba, muuza mchele wa Luberizi, alikuwa mtu wa kushuku hata mizani yake mwenyewe. Alimkataza mama katakata kumgusa na ile metre, utepe wake wa kupimia. Mama aliitikia vizuri, kisha akampima mchana mmoja akiwa amelala mkekani anakoroma, akichukua nusu ya mwili na kuizidisha mara mbili. Nilimwona, nikafunga mdomo.

Waasi walipoingia mjini, mwalimu alikimbilia Burundi. Waliokutwa na karatasi za serikali walipelekwa ufukweni, na sikuwahi kumwona aliyerudi. Asubuhi moja wapiganaji wao walipekua nyumba yetu, sote tukiwa ndani, wakaipata kaye.

"Weye mama, hii liste ni ya nini?" mkubwa wao aliuliza. "Majina na namba! Unapelekea askari?"

"Ni vipimo vya mashati, mukubwa. Niko mwanafunzi tu. Nikupime uone?"

Mama aliinyoosha metre, na wote wakaruka nyuma. Alisahau kwamba walikuwa wamekunywa dawa ya kuzuia risasi, na mkono wa mwanamke ukiwagusa ungeiharibu. Sasa alionekana jasusi na mchawi kwa pamoja. Mkubwa alifungua ukurasa akasoma jina la baba kwa sauti. Baba akageuka, akamtazama mama. Niliogopa macho yale kuliko mikuki, maana neno lake moja tu lingetosha kummaliza mama.

Baba alivua shati. "Muache anipime miye."

Mama alimpima. Kifua kikalingana na kaye, mkono ukalingana. Tumbo likapungua kiganja kizima.

"Tumbo iko wapi?" mkubwa aliuliza.

"Mulikula nyinyi," baba akajibu, "pamoja na muchele yangu."

Nilidhani tumekwisha. Mkubwa alimkazia macho, kisha akacheka mpaka akakohoa, akaitupa kaye chini wakaondoka. Baba alivaa shati lake, wala hakumwuliza mama neno lolote, siku ile wala baadaye.

Siku hizi watu wazima wa Uvira wakienda kujifunza ufundi huacha jina, picha na namba ya simu bila kuuliza ni vya nini. Mimi huuliza, nao makarani hunichukia. Wazazi wangu wote wamekufa, na kuna jambo moja ambalo sikuthubutu kuliuliza walipokuwa hai: baba alivua shati ili amwokoe mama, au alitaka kujua, kama wale wapiganaji, kwa nini jina lake lilikuwa mle ndani?