Unene wa Ncha ya Penseli

Mwalimu Ebenezeri alifundisha hesabu Old Moshi kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna kosa lililompandisha hasira kama penseli butu. Mtoto aliyekosea kujumlisha alisamehewa. Aliyechora mstari mnene kwenye karatasi ya grafu alipelekwa dirishani akachonge upya, na darasa zima likakaa kimya kumngoja. "Mstari mnene ni uongo," alikuwa akisema. "Hausemi uko wapi." Hadi leo watu wazima wenye vitambi vyao, wakikutana naye njiani na kumpa shikamoo, huficha mikono nyuma bila kujijua.

Alipostaafu, hesabu zilikataa kumtoka mwilini. Mpwa wake Sifael, fundi simu mjini Moshi, ndiye aliyemfundisha kununua bitcoin na kusoma ile michoro ya bei inayoitwa mishumaa. Kila siku ina mshumaa wake. Bei ikipanda, mshumaa ni wa kijani, ikishuka, mwekundu, na tambi zake huonyesha bei ilifika wapi kabla ya kurudi. Vijana huitumbulia macho mishumaa hiyo kwenye simu kutwa nzima, wanauza, wanajuta, wananunua tena. Mwalimu aliuona huo ni wazimu. Alinunua karatasi za grafu, akaziunganisha kwa gundi, akazibandika ukutani sebuleni chini ya kalenda ya kanisa. Alichora kwa mkono, mshumaa mmoja tu kwa siku, saa kumi na mbili jioni, kijisanduku kimoja kikiwa dola mia. Akimaliza, simu inaingia kabatini mpaka kesho.

"Mjomba, siku ya soko la dunia inafunga saa tisa usiku," Sifael alimcheka. "Wewe unafunga saa kumi na mbili kama duka la ushirika!"

"Saa tisa usiku mimi nimelala," Mwalimu alimjibu. "Dunia itanisubiri."

Fedha zenyewe hazikuwa zake peke yake. Zilikuwa za mtamba aliyelelewa na mkewe Yuditha tangu akiwa ndama, kwa majani aliyoyabeba kichwani na migomba aliyoikatakata kwa panga kila jioni. Zizini alibaki ng'ombe mmoja mzee, na maziwa yake yalikuwa yanakauka. Yuditha alikubali mtamba auzwe kwa sharti moja. Alichukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari kwenye ile grafu kwa mkono wake mwenyewe, penye dola elfu themanini na nne.

"Siku ikifunga chini ya hapa, unauza siku hiyohiyo," alisema. "Kitakachobaki kinatosha ndama. Ikiendelea kushuka, hatuna mtamba wala ndama."

"Na ikifunga juu?"

"Unatulia. Hata ukiwashwa namna gani, unatulia."

Miezi miwili Mwalimu alitulia. Siku moja bei ilizama chini ya mstari mchana, jioni ikawa imerudi juu, na karatasini ukabaki utambi mrefu tu unaoning'inia. Vijana wengi mjini walikuwa wameshauza kwa hofu. Mwalimu alitembea siku mbili kifua mbele kana kwamba bei aliipandisha yeye.

Kisha ikaja Alhamisi. Saa saba mchana Sifael aligonga mlango, amepanda toka mjini kwa bodaboda, kijasho kikimtoka. "Mjomba, inaporomoka!"

Mwalimu alivunja desturi yake, akaitoa simu kabatini. Elfu themanini na nne na mia sita. Saa nane, mia mbili juu ya mstari. Saa kumi bei ilikuwa chini ya mstari kwa dola mia sita, na roho ya Mwalimu ilikuwa juu juu. Kidole kilimcheza juu ya kitufe cha kuuza. Lakini siku haijafunga, na sharti lilikuwa ni kufunga. Aliiweka simu mezani, akaikalia mikono yake kama mtoto aliyekatazwa kugusa chakula cha wageni. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, na Yuditha alisikika akimsemesha ng'ombe kwa Kichagga.

Saa kumi na moja bei ilirudi juu. Sifael alipiga makofi. Mwalimu alivuta pumzi, akatabasamu, akaomba chai. Chai ilikuwa haijapoa bei ilipoanza kuteleza tena, pole pole, dola kumi, dola ishirini. Saa kumi na mbili kamili ilisimama kwenye elfu themanini na tatu, mia tisa na sabini.

Dola thelathini chini ya mstari. Hata theluthi ya kijisanduku haifiki.

"Usiuze, Mjomba!" Sifael aliinuka. "Siku ya kweli inafunga saa tisa usiku. Bado kuna saa tisa nzima. Leo ifuate dunia, si saa yako!"

Maneno hayo yalimwingia Mwalimu vizuri kupita kiasi. Alitazama penseli yake. Ilikuwa butu. Alikuwa amechora nayo wiki nzima bila kuichonga, yeye, Ebenezeri! Kwa ncha ile, mshumaa ungekaa juu ya mstari mwekundu na kuufunika, na hakuna jicho ambalo lingejua umeishia juu au chini.

Na hapo ndipo moyo ulipomwuma, maana haingekuwa mara ya kwanza. Miaka mitatu nyuma, ng'ombe aliyeuzwa aliitwa Malkia, na mstari ulikuwa wa Mwalimu mwenyewe. Jioni moja bei ilifunga chini kidogo tu. Alichora, akafuta, akachora tena kwa mstari mnene, akamwambia mkewe, "Bado tuko juu." Wiki ile bei ilianguka mpaka fedha za Malkia zikawa hazitoshi hata ndama. Alimwambia Yuditha kwamba ilianguka usiku, wakiwa wamelala. Yuditha alijibu neno moja tu, "Haya," akaenda kukamua. Mwalimu hajawahi kusahau lile haya.

Mlango ulifunguliwa. Yuditha aliingia na ndoo ya maziwa, akasimama. "Imefunga?"

"Bado nachora," Mwalimu alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia ni nyembamba.

"Haya."

Sifael alimkonyeza. Mwalimu hakumtazama. Alichukua wembe, akaenda dirishani kwenye mwanga uliobaki, akaichonga penseli mpaka ncha ikawa kama sindano. Alirudi ukutani. Akachora. Chini ya mstari mwekundu mshumaa ulichungulia kidogo sana, lakini ulichungulia.

"Imefunga chini," alisema.

"Kwa kiasi gani?"

"Unene wa ncha ya penseli."

Yuditha aliiweka ndoo sakafuni. "Uza."

Akauza, na Sifael akaondoka bila kunywa chai.

Asubuhi ujumbe wa Sifael ulikuwa umeshafika. Usiku bei ilikuwa imepanda kupita elfu themanini na sita, na saa tisa usiku ilifunga huko juu. Mwalimu aliusoma mara mbili. Simu ilikuwa ya kwake, Yuditha hakuwa na haja ya kujua. Lakini akaenda jikoni hata kabla ya kunawa uso, simu mkononi.

"Mama Ruth, imepanda. Tungengoja mpaka usiku, tusingelazimika kuuza."

Yuditha alikuwa anapanga kuni. "Inakuuma?"

"Inaniuma sana."

Yuditha alifuta mikono kwenye kanga, akaenda chumbani, akarudi na kitabu chake cha nyimbo. Kati ya kurasa alitoa kipande cha karatasi ya grafu, akamkabidhi. Mwalimu alikitambua palepale. Mstari ulikuwa mnene, na pembeni yake karatasi ilikuwa imechakaa kwa kufutwa hadi mwanga ukapenya.

"Ulikuwa nacho muda wote huu?"

"Miaka mitatu. Maishani mwako hukuwa umewahi kuchora mstari mnene, Baba Ruth. Ningeachaje kuuona?"

Aibu ilimjaa Mwalimu mpaka masikioni. Yuditha alikichukua kile kipande mkononi mwake, akakiweka chini ya kuni, akapiga kiberiti. Moto uliposhika, akateleka maziwa.

"Tafuta kamba," alisema. "Tukishakunywa, twende tukamwone huyo ndama."