Somo la Lishe Lililoondolewa Joshoni

Iliyoondoa somo la lishe joshoni ni ofisi ya lishe niliyoitumikia, na sahihi ya kuridhia ni yangu. Naandika hili kwanza ili kumbukumbu zikae sawasawa.

Ninaishi Bariadi sasa, mstaafu, na katika kazi ile yote ninachokikumbuka zaidi ni harufu ya dawa ya kupe. Siku ya kuogesha mifugo, akina baba wa vijiji vya upande wa Zagayu walikuwa joshoni tangu alfajiri, basi nasi tulitundika mizani ya watoto kwenye nguzo ya zizi na kufundisha lishe hapohapo. "Mwangaluka, mayu," walinisalimu kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama. "Leo unaogesha ng'ombe au sisi?"

Asubuhi moja bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa miaka miwili. Utepe wa kupimia mkono ulisoma njano, dalili kwamba lishe yake ni pungufu. Baba wa mtoto alikuwa palepale akiswaga ng'ombe. Nilimwuliza habari za ndama wake mmoja aliyenawiri.

"Yule? Mama yake namkamua chuchu mbili tu. Mbili namwachia yeye."

"Na binti yako umemwachia nini?"

Jirani yake akadakia: "Jibu, shemeji. Maziwa yote yanapanda pikipiki kwenda mjini, binti anabaki na michembe, viazi vikavu."

Wakacheka. Yeye hakucheka. Alimtazama bibi yule, mama yake mzazi, kisha akaniuliza kikombe kinachotosha kina ukubwa gani, na kama ni lazima maziwa yachemshwe. Pamba ilipoanza kuvunwa alimleta mtoto mwenyewe, amembeba begani, akampandisha kwenye mizani kwa mikono yake. Utepe ulisoma kijani.

Baadaye ofisi iliamua somo lihamie kliniki, kwa kuwa mahudhurio ya akina mama ni rahisi kuyaorodhesha. Sikupinga.

Mwaka huu nilimpeleka mjukuu wangu kliniki. Mabenchi yalijaa akina mama pekee. Mtoa somo, binti mwenye bidii, alisisitiza maziwa. Mama mmoja, ambaye utepe wa mwanawe ulikuwa umesoma njano, alisema taratibu: "Nimesikia, dada. Lakini ng'ombe si wangu." Somo likaendelea.

Kwa hiyo, ingawa sahihi ni yangu, naitaka ofisi hiyo ieleze kwa maandishi, mbele ya mkutano wa kijiji, kikao gani kiliwaondoa akina baba katika somo hili, kwa sababu gani, na ni mtumishi yupi aliyepangiwa kwenda kuzungumza na baba wa mtoto yule wa kliniki.