Mkwe Wangu Kafungia Mke na Baiskeli Nyumba Moja

Mwenye ukurasa huu wa gazeti nimemwomba alifiche jina langu, maana Kariakoo tunajuana mpaka sufuria za jikoni. Nina miaka thelathini na moja, ni fundi katika karakana ya reli mtaa wa Gerezani, na naandika nikiwa na hasira ambazo hata swala haijazituliza.

Kazini naitwa "boi". Mzungu ambaye ndevu hazijamwota vizuri ananiita boi mbele ya watu niliowafundisha kazi mimi. Lakini Jumapili moja kila mwezi, sisi wanaume sita tunapanda baiskeli mpaka vilima vya Pugu, tunashindana kushuka. Sheria yetu ni moja: breki tunazifungua na kuziacha kule juu, kila mtu akiona, na kushuka ni miguu yako na Mola wako. Nimeng'oka jino, nimechubuka mgongo mzima, na sijali. Kwenye ule mteremko mimi si boi wa mtu. Miaka minne nafanya mazoezi kila alfajiri kabla ya king'ora cha kazi, na mara nyingi mshindi ni mimi.

Mke wangu aliyajua haya kabla sijamposa. Halafu kama miezi mitatu iliyopita, bila kuniambia neno, akaenda kwa mwalimu wake wa Kurani, akaandikiwa hirizi ya kunilinda, akaifunga chini ya kiti cha baiskeli kwa uzi wa kushonea. Uzi wa kushonea, jamani. Katikati ya mteremko ukakatika, hirizi ikaingia kwenye mnyororo, gurudumu likaganda. Nilirushwa nikavunjika mfupa wa bega la kulia. Wenzangu walikuja mbio kuniinua, lakini walipoiona hirizi walicheka mpaka wakakaa chini. Wakasema kumbe siku zote nilikuwa nashinda kwa hirizi. Bega lilipona. Hilo la hirizi halijapona.

Nilifika nyumbani mkono umefungwa kitambaa, nikamwandikia talaka moja kwa mkono wa kushoto.

Baba yake, mwenye duka la mchele mtaa wa pili, akamchukua binti yake, na baiskeli yangu akaibeba pia. Wiki hii, bega likiwa limeshapona, nilimfuata.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, hirizi ndiyo iliyokuangusha. Na breki, nani alizifungua?"

Swali lile likanikasirisha zaidi.

"Eda inakwisha Ijumaa ijayo," akasema. "Vyote viwili vimo humu ndani. Utatoka na kimoja. Ukimrejea mwanangu, utashika msahafu uape hupandi tena Pugu."

Juzi shangazi yake mke wangu akaniletea salamu. "Anasema yeye haombi uache. Ila ukimchagua, usije ukawa unamtazama kila Jumapili ya mashindano kama mtu aliyekuibia."

Nampenda, sifichi. Ijumaa ikipita sijamrejea, itabidi nimwoe upya, na yule mzee hataniozesha tena. Lakini najijua. Hiyo Jumapili ikifika nitakuwa nimekaa barazani, wenzangu wanapita na baiskeli zao, na nitamtazama hivyo hivyo alivyosema.

Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Ila asiyewahi kuitwa boi, asiniandikie.