Mashua Niliyoikagua Nikiwa Nimeshiba

Nilipoamua kununua mashua bila dalali nilikuwa na sababu saba, zote nimeziandika kwenye daftari. Bado nazikubali. Dalali husifu asichokijua. Akikuita ndugu yangu, ujue bei yako imeshapangwa. Na hujui analipwa na nani. Mimi ni fundi wa mizani hapa Ngamiani, Tanga. Kazi yangu ni kutomwamini mtu anayeniambia kitu kina uzito gani mpaka nikipime mwenyewe.

Mashua yenyewe ilikuwa iwe ya mke wangu na wenzake kumi na mmoja. Wanalima mwani kijijini kwao, na kila mavuno walikuwa wakikodi chombo cha mtu anayekuja akijisikia. Mwishowe wakachanga wanunue chao, cha mkono wa pili, wakanituma mimi kwa kuwa napenda kusoma. Mke wangu hajui kuogelea. Wenzake karibu wote hawajui. Kwa hiyo swali langu lilikuwa moja tu: mbao za chini ni nzima?

Nilijisomea miezi miwili, na nilipoishiwa cha kusoma nikaenda kuwauliza mafundi wa mashua mpaka wakaanza kunikimbia. Nikajua kwamba rangi mpya ni ya kuogopwa. Nikajua mahali pa kuanzia ni mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, maana kuna wadudu wa baharini wanaokula mbao kwa ndani na kuliacha ganda lake zima. Kipimo chake ni bisibisi. Unachoma. Ikigoma, mbao ni nzima. Ikizama, rudi nyumbani.

Mashua niliyoipata kwa picha za simu ilikuwa kijijini Mkwaja, ya mzee mmoja, nahodha aliyeachishwa bahari na magoti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekula?"

Nikasema nimekuja kuangalia mashua.

"Mashua haina miguu. Kaa."

Tukala wali wa nazi na changu wa kukaanga. Ndipo akanipeleka ufukweni. Mashua ilikuwa imepakwa buluu, mpya kabisa. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu. Mzee akasimama ubavuni mwangu, mkono juu ya mashua, akanieleza jinsi yeye na marehemu kaka yake walivyozichagua mbao zake moja moja. Mimi, mwenye harufu ya samaki wake vidoleni, nitoe bisibisi nimchomee? Nikapapasa mkuku kwa kidole gumba, kama mtu anayefuta vumbi. Karibu na nyuma, chini ya rangi, ulibonyea kama embe lililoiva.

"Rangi nzuri, mzee," nikasema.

Nikarudi Tanga, nikaandika kwenye daftari sentensi ya kumwambia: mkuku umeoza. Mara ya pili nilichukua sukari kilo mbili, nikakuta kuku amechinjwa. Sentensi nilikuwa nimeshailainisha: mkuku unahitaji kuangaliwa. Haikutoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi ya tatu nilipewa pweza. Siku hiyo nilijikaza, nikauliza mkuku una umri gani. Mzee akasema, "Mimi na huo tuko rika moja." Tukacheka wote, nikaaga.

Nyumbani mke wangu aliuliza, "Mkuku umeoza au haujaoza?"

"Nadhani umeoza."

"Umemwambia?"

"Bado."

"Ulipotaka kunioa, ulikuja kwetu mwenyewe?"

"Nilimtuma mshenga."

"Na ulifanya vizuri. Ungekuja mwenyewe, ungemsifia baba rangi ya mlango, ukarudi kwenu."

Kesho yake nikatafuta dalali. Niliyempata alizaliwa Muheza, akazoea kubishania machungwa, akahamia kwenye viwanja na pikipiki. Mashua hakuwahi kuiuza wala kuinunua. Nikamchorea mkuku ulipo, nikampa bisibisi, nikamweleza achome shubiri tatu kutoka nyuma. Tukaenda pamoja, nikamtambulisha kwa mzee kuwa ni mtu wa machungwa kutoka Muheza.

"Umekula?" mzee akamuuliza.

"Nimeshiba, mzee wangu. Na hata ningekuwa na njaa, chakula hakishuki mtu akiwa karibu na jeneza."

Niliona haya mpaka masikioni. Mzee akacheka.

"Jeneza? Hili limenilelea watoto sita!"

"Basi limechoka, babu, liache lipumzike. Hapa kinachoelea ni rangi tu."

"Nyie wa machungwa mnajua nini cha kuelea?"

"Chungwa bovu linaelea vizuri kuliko hili!"

Akainama, akapima shubiri tatu, akachoma. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Mimi nikageuka nikatazama minazi.

"Alhamdulillahi," mzee akasema. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, mara tatu nimetaka kukwambia. Kila nikifungua mdomo nakuona unakula kwa adabu, nasema, mgeni ashibe kwanza."

Nilifikiri chakula kile ndicho kilichonifunga mdomo. Kumbe mpishi naye alikuwa amefungwa mdomo vilevile. Wanaume wawili wenye adabu zao tulibakiza kidogo tu tuwazamishe wanawake kumi na wawili kwa heshima zote.

Tulikubaliana mzee aite fundi abadilishe mkuku kwanza, bei izungumzwe baadaye. Dalali alichukua chake kwetu, akachukua na kwa mzee. Nasikia siku hizi anajiita mtaalamu wa vyombo vya baharini. Sababu zangu saba hazijafutwa hata moja. Zote zilitimia, na mashua tukaipata kwa sababu ya dalali huyohuyo.

Siku ya kuichukua nilikwenda na mke wangu. Mzee alikuwa mlangoni, bakuli la kunawia limeshaandaliwa.

"Umekula?"

"Bado, mzee. Leo nitanawa baadaye."

Nikateremka ufukweni, nikapiga goti, nikachoma mwenyewe, mara nne, mzee amesimama juu yangu na mkono wake juu ya mashua. Jasho lilinitoka kuliko siku ya ndoa.

"Imegoma?" mke wangu akauliza.

"Imegoma."

Akapanda, akaketi katikati, juu ya mkuku hasa, akamuuliza mzee leo wamepika nini.